Nambari moja, nchi tatu: Fumbo la simu kandokando ya Ziwa Victoria

MCHUUZI wa samaki katika ufuo wa Dunga, Kisumu, akipewa nambari ya simu inayoanza na 075, hawezi kujua kwa kuitazama tu iwapo mwenyewe ni mteja wa Kenya, Uganda au Tanzania. Nchi zote tatu zinazopakana na Ziwa Victoria zina simu za mkononi zinazoanza hivyo. Zote huandika nambari hizo kwa tarakimu 10, na ya kwanza ni sifuri.

Akiipiga jinsi ilivyoandikwa, mitambo ya Kenya haitamuuliza alikusudia nchi gani. Itamtafuta mteja wa humu nchini mwenye nambari hiyo, hata kama aliyekusudiwa anasubiri mzigo wa omena Musoma au Jinja. Simu itakayolia kwa mtu asiyehusika ni usumbufu mdogo. Pesa zilizotumwa kwa mtu huyo ni hasara.

Kinachokosekana katika nambari ya aina hiyo ni tarakimu tatu tu, yaani nambari ya nchi. Kenya ni 254, Tanzania 255 na Uganda 256. Nambari hizi hutolewa na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, wenye makao yake Geneva, Uswisi. Muungano huo uliigawa dunia katika kanda, na bara la Afrika likaangukia kanda ya 2. Ndiyo sababu Misri ni 20, Afrika Kusini 27, Rwanda 250 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 243. Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka wa 2011, ilipewa 211.

Kanuni za ITU zinataka nambari kamili, pamoja na ile ya nchi, isizidi tarakimu 15. Nambari za simu za mkononi za Kenya, Uganda na Tanzania zina tarakimu 12: tatu za nchi na tisa za mteja.

Je, ile sifuri ya mwanzo huenda wapi? Sifuri hiyo si sehemu ya nambari ya mteja. Ni ishara kwa mitambo kwamba simu inayopigwa ni ya humu nchini, na kwamba tarakimu zinazofuata zitaonyesha eneo au mtandao. Mtu akipiga kutoka nje, nambari ya nchi huchukua nafasi yake, nayo sifuri huachwa. Kuandika 254 kisha 07 ni kosa linalofanywa na wengi, na mara nyingi simu ya namna hiyo haifiki.

Simu za mezani hufuata utaratibu uo huo. Nambari ya eneo la Kisumu ni 057. Kabla ya mabadiliko yaliyofanywa miaka ya 2000 ilikuwa 035. Mtu aliye ng'ambo hupiga 254, kisha 57, kisha nambari yenyewe.

Lakini kabla ya 254, sharti kwanza aiarifu mitambo ya huko aliko kwamba simu inavuka mpaka. Hapa ndipo nchi zinapotofautiana. Sehemu kubwa ya Ulaya hutumia 00, na Rwanda pia. Marekani na Kanada hutumia 011, Australia 0011, nazo Kenya, Uganda na Tanzania hutumia 000. Uingereza ilitumia 010 hadi mwaka wa 1995 ilipohamia 00. Kwa hivyo, ndugu wawili wanaompigia mama yao Kisumu, mmoja akiwa London na mwingine Minneapolis, huanza kwa tarakimu tofauti ilhali wanamtafuta mtu mmoja. Tarakimu za kutokea hutegemea mahali alipo mpigaji, si alipo anayepigiwa.

Sifuri tatu za Afrika Mashariki zina maana yake. Nchi hizi tatu zilikuwa na shirika moja la posta na simu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka wa 1977, na mipango yao ya nambari imeutunza ujirani huo. Katika mipango hiyo, simu ya jirani haikuhitaji kupitia mlango wa kimataifa. Kenya ilitengewa 005, Uganda 006 na Tanzania 007. Mtu wa Kisumu aliyetaka simu ya mezani ya Mwanza alipiga 007, kisha 28 ya eneo hilo, kisha nambari. Kama mlango wa kimataifa ungekuwa 00, mitambo isingeweza kutenganisha 006 ya Uganda na simu ya nchi ambayo nambari yake huanza na 6. Sifuri ya tatu iliondoa utata huo.

Simu ya mkononi imerahisisha jambo hili kwa alama ya kujumlisha. Ukiandika + mbele ya 254, 255 au 256, mtandao wenyewe huweka tarakimu za kutokea zinazofaa mahali ulipo. Nambari iliyohifadhiwa hivyo hufanya kazi Kisumu, Kampala na hata Dubai bila kubadilishwa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wanaoishi karibu na mpaka. Mawimbi ya simu hayasimami penye mpaka wa nchi. Karibu na kisiwa cha Migingo, au katika maji ya Muhuru Bay yanayopakana na Tanzania, simu iliyoruhusiwa kutumia mitandao ya nje yaweza kunasa mnara wa jirani bila mwenyewe kutambua. Tangu hapo, 07 aliyoihifadhi bila nambari ya nchi itasomwa kama nambari ya nchi hiyo jirani, na gharama huenda ikabadilika.

Gharama hizo zimewahi kupunguzwa. Mwaka wa 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, na wateja wake wakawa wanatozwa kama wenyeji. Mwaka wa 2014 serikali za ukanda huu zilianza kutekeleza mpango wa kupunguza ada za simu baina ya Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Hata hivyo, bei iliposhuka, nambari hazikubadilika: 254 imebaki 254.

Nambari fupi za dharura, kama vile 999 na 112, haziwekewi nambari ya nchi, na hujibiwa na nchi yenye mnara ulionaswa. Mvuvi wa Mbita ambaye mashua yake imeharibikiwa karibu na mpaka anaweza kujikuta akizungumza na polisi wa nchi nyingine. Ndiyo maana inafaa nambari za jamaa, za mwenye mashua na za viongozi wa ufuo ziandikwe kwenye simu, na hata ubavuni mwa chombo, zikianza na +254.