Je, Wajua? Maporomoko 52 Ndani ya Fremu ya Chuma

Je, wajua kwamba yupo msanii wa Iceland aliyeyakusanya maporomoko 52 ya maji katika kazi moja ya sanaa? Ni Rúrí, aliyezaliwa Reykjavík mwaka 1951. Kazi hiyo iliiwakilisha nchi yake katika maonyesho ya kimataifa ya Venice, Italia, mwaka 2003. Picha za maporomoko zimepangwa ndani ya fremu kubwa ya chuma. Mtazamaji huivuta picha nje, kama afunguaye droo, na papo hapo husikia mngurumo wa maporomoko yaleyale. Akivuta ya pili, sauti mbili huchanganyika. Akizirudisha ndani, kimya.

Kimya hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Mwaka huohuo wa 2003 ulianza ujenzi wa bwawa la Kárahnjúkar, mashariki mwa Iceland, la kuzalishia umeme wa kiwanda cha alumini. Bwawa lilipoanza kujazwa mwaka 2006, maji yake yalifunika maporomoko kadhaa. Hayangurumi tena.

Msanii mwingine, Olafur Eliasson, mzaliwa wa Denmark mwenye asili ya Iceland, naye alichukua kwa kamera ushahidi wa kinachotoweka. Mwaka 1999 alipiga kutoka angani picha za mito ya barafu ya Iceland. Mwaka 2019 alirudi akaipiga tena mito ileile, akaziweka picha jozi kwa jozi: ya zamani kando ya mpya. Katika miaka hiyo 20, barafu imepungua waziwazi.