Vumbi la Kiangazi Ni Sehemu ya Shamba Inayoondoka

Kila ifikapo mwezi Agosti, upepo wa kiangazi huvuma kwa nguvu katika wilaya ya Kongwa na maeneo mengine ya kanda ya kati. Mashamba yaliyokwisha kuvunwa mtama, alizeti na mahindi hubaki matupu, chamchela huzunguka juu yake, na vumbi jekundu hutanda hadi kwenye mapaa ya nyumba. Wananchi wengi huliona vumbi hilo kuwa kero ya msimu, itakayokwisha mvua zitakaponyesha. Kwa hakika, vumbi hilo ni udongo wa shambani, na mara nyingi ni ule ulio bora kuliko wote.

Mmomonyoko unaosababishwa na maji huacha makorongo yanayoonekana kwa macho. Ule wa upepo hauachi korongo. Hukwangua shamba zima kidogo kidogo, na mkulima huutambua pale mavuno yanapopungua mwaka hadi mwaka.

Namna upepo unavyobeba udongo

Upepo huondoa udongo kwa njia tatu. Chembe laini sana, ambazo ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, huinuliwa juu na kuelea hewani. Hizi ndizo vumbi, na zinaweza kusafiri mamia ya kilometa kabla ya kutua. Chembe za mchanga zilizo kubwa kidogo haziwezi kuelea. Huruka hatua fupi fupi karibu na ardhi, na kila zinapoanguka huzigonga chembe nyingine na kuzirusha. Njia hii ya kurukaruka ndiyo inayohamisha sehemu kubwa ya udongo. Chembe kubwa zaidi hubingirishwa tu juu ya uso wa ardhi.

Nguvu ya upepo huongezeka upesi kuliko mwendo wake. Upepo ukivuma kwa mwendo maradufu, uwezo wake wa kuhamisha udongo huongezeka takribani mara nane. Ndiyo maana siku chache za upepo mkali zinaweza kuleta madhara makubwa kuliko wiki nyingi za upepo wa wastani.

Upepo uumbapo sura ya nchi

Mahali pakavu na palipo wazi, upepo una uwezo wa kubadili sura ya nchi. Mfano ulio wazi uko hapa Tanzania, katika eneo la Ngorongoro, karibu na bonde la Oldupai. Huko kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kilichotokana na majivu ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Upepo husukuma mchanga kutoka upande mmoja, ukapanda hadi kileleni na kuporomokea upande wa pili. Kwa njia hiyo kilima chote huhama kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 kwa mwaka.

Mashambani, kazi hiyo hiyo hufanyika kwa kiwango kidogo. Mchanga hujilundika kwenye uzio wa minyaa, kwenye mifereji na kando ya barabara, huku mizizi ya miti ikibaki nje kwa sababu udongo ulioifunika umeondoka. Mwananchi anayeona dalili hizo atambue kwamba shamba lake linapungua.

Hasara kwa mkulima

Upepo hauchukui udongo wote kwa usawa. Huanza na chembe laini pamoja na mboji, ambazo ndizo zinazohifadhi rutuba na unyevu, na kuacha mchanga mzito usio na faida kubwa kwa mmea. Mkulima aliyenunua mbolea au kusomba samadi hupoteza sehemu ya gharama yake kwa njia hii. Aidha, mchanga unaoruka hukwaruza majani ya miche michanga na wakati mwingine huifukia.

Safu ya udongo yenye unene wa milimita moja tu ikiondoka katika ekari moja, uzito wake huzidi tani 5. Ni vigumu kuitambua safu hiyo kwa macho. Udongo kujijenga upya huchukua muda mrefu mno, kwani sentimita moja yaweza kuhitaji mamia ya miaka.

Ardhi isiyo na vazi

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Ukavu huo hauwezi kuzuiwa. Kinachoweza kuzuiwa ni kuiacha ardhi tupu. Upepo unahitaji udongo uliokauka, uliolegea na usiofunikwa, na mambo yanayoongeza hali hiyo yanafahamika: kuchoma mabua, kufyeka miti yote shambani, kuruhusu mifugo kumaliza masalia ya mazao, na kilimo cha kuberega kinachoanza kwa moto.

Wilaya ya Kongwa inalo fundisho lake la kihistoria. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga, na matrekta yakang'oa vichaka katika eneo pana. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo uhaba wa mvua na udongo uliokauka ukawa mgumu mno. Funzo lililobaki ni kwamba wingi wa mashine hauwezi kuchukua nafasi ya kuifahamu ardhi.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza haina gharama ya fedha: kuacha mabua na masalia shambani baada ya mavuno. Masalia yakifunika hata theluthi moja ya uso wa ardhi, upotevu wa udongo hupungua kwa zaidi ya nusu. Mabua yaliyosimama hufaa zaidi kwa sababu hupunguza kasi ya upepo karibu na ardhi.

Hatua ya pili ni kupanda miti ya kukinga upepo, kama vile mijohoro au miarobaini, kwa mistari inayokingama na uelekeo wa upepo. Mstari wa miti yenye urefu wa mita 8 hulinda takribani mita 80 za shamba upande wa pili. Miti isibanane kama ukuta, kwa kuwa upepo uliozuiwa kabisa huruka juu na kushuka kwa kishindo.

Hatua ya tatu ni kisiki hai, njia inayofahamika vizuri mkoani Dodoma. Mkulima huchagua machipukizi yenye nguvu kutoka kwenye visiki vilivyomo shambani, huyapogolea, huyawekea alama na kuyalinda. Kwa kuwa mizizi tayari iko chini, mti hukua haraka kuliko mche mpya.

Mabua na mifugo

Ugumu mkubwa uko katika mabua, kwa sababu hayo hayo ndiyo malisho ya ng'ombe na mbuzi wakati wa kiangazi. Mkulima anayeyaacha shambani anaweza kuyakuta yameliwa na mifugo ya jirani. Jambo hili haliwezi kumalizwa na mtu mmoja. Linahitaji makubaliano ya wakulima na wafugaji kuhusu kiasi cha kulishwa na kiasi cha kubakizwa. Halmashauri ya kijiji inayo mamlaka ya kupendekeza sheria ndogo juu ya malisho na uchomaji moto, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji ni mahali pafaapo pa kuanzia mjadala huo.

Wananchi wanaohitaji ushauri kuhusu aina ya miti, upangaji wa mistari au kisiki hai wanahimizwa kumwona afisa ugani wa kata yao. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni mara baada ya mavuno, kabla ya kiberiti kuwashwa na kabla ya upepo kuanza.