Python ya Mfumo na Python ya Mtumiaji Ndani ya Linux

Lugha ya Python, iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991, huwakaribisha watumiaji wapya wa Ubuntu kana kwamba imewekwa kwa ajili yao, kwani kwa kawaida kompyuta ikishawashwa tu amri ya python3 huitika bila mtu kusakinisha chochote. Kwa kweli mwenye Python hiyo ni mfumo endeshi wenyewe, yaani ile programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote. Zana ya unattended-upgrades, inayosakinisha masahihisho ya usalama pasipo mtumiaji kuhusika, imeandikwa kwa Python, na vivyo hivyo add-apt-repository, amri inayoongeza ghala jipya la programu.

Programu ya Python haijitegemei: huhitaji mkalimani, yaani programu nyingine inayousoma msimbo wake na kuutekeleza, na mara nyingi huhitaji pia maktaba, yaani mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Katika Debian, ambayo ndiyo chimbuko la Ubuntu, maktaba zinazoletwa na apt, meneja wa vifurushi wa mfumo, hukaa katika saraka ya /usr/lib/python3/dist-packages, ilhali zile zilizosakinishwa na pip, meneja wa vifurushi wa Python, kwa mamlaka ya msimamizi, ziliingia chini ya /usr/local. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina, kwa sababu mkalimani anapotafuta maktaba hupitia /usr/local kwanza, na akilikuta humo jina analolitaka huridhika nalo asiendelee mbele. Hivyo mtu aliyeleta toleo jipya la maktaba kwa kazi yake ndogo aliweza, pasipo kukusudia, kuzibadilishia zana za mfumo maktaba zilizotengenezewa, na hitilafu ikaja kuzuka siku nyingine, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuihusisha na kazi ile.

Debian 12, iliyotoka Juni 2023 ikiwa na Python 3.11, ilifunga mlango huo kwa kuweka kando ya maktaba za msingi faili liitwalo EXTERNALLY-MANAGED, ambalo pip ikiliona hukataa kusakinisha. Wapo wanaolikwepa kwa chaguo la --break-system-packages, ambalo maana yake ni "vunja vifurushi vya mfumo". Ni nadra waunda programu kumwambia mtu ukweli waziwazi kiasi hicho, na bado chaguo hilo hutumika ovyo.

Njia iliyo sahihi ni mazingira pepe, yaani saraka ya pekee inayotengewa kila mradi, ambayo Python huweza kuiunda yenyewe kwa moduli ya venv tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Ndani ya saraka hiyo mkalimani hanakiliwi. Katika Linux kinachowekwa ni kiungo kinachoelekeza kwa mkalimani yule yule wa mfumo, pamoja na faili dogo la pyvenv.cfg. Mkalimani anapoitwa kupitia kiungo hicho hulikuta faili hilo, akatambua kuwa yumo katika mazingira pepe, na maktaba za ziada akazichukua katika saraka ya mradi badala ya zile za mfumo. Amri ya kuyaamsha mazingira hayo, ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo kiini cha jambo, kazi yake kubwa ni kuitanguliza saraka ya mradi katika orodha ya mahali ambamo amri hutafutwa.

Saraka hiyo haifai kuhamishwa, maana baadhi ya hati zilizomo hubeba anwani kamili ya mahali ilipoundiwa. Ikibidi kuhama, huundwa upya. Katika Debian na Ubuntu, kifurushi cha python3-venv husakinishwa kwanza kwa apt, la sivyo amri ya kuunda mazingira hayo haikamiliki.