Habari zetu zinapokwenda kwenye mkutano wa wataalamu

Katika toleo hili tumeamua kuzungumzia jambo ambalo wengi mnaulizana mkiwa bombani. Wale watu wanaopita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, wakiuliza habari za usingizi, za ndoto mbaya na za mambo tuliyoyaona vitani, majibu yetu wanayapeleka wapi? Na je, sisi wenyewe hatuwezi kuyapeleka?

Mengi ya majibu hayo huishia kwenye mikutano ya wataalamu wa majeraha ya moyo. Unaojulikana sana ni ule wa chama cha kimataifa kinachoitwa ISTSS, kilichoanzishwa mwaka 1985. Wanachama wake hukutana kila mwaka, mara nyingi katika mji wa Marekani. Watu wa Ulaya nao wana chama chao tangu 1993. Jina la ugonjwa wenyewe liliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya kuonekana kwamba askari wengi waliorudi kutoka vita vya Vietnam hawalali na wanashtuka ovyo. Sisi hatukungoja kitabu. Kwa Kirundi na Kinyarwanda watu husema ihahamuka, yaani mtu anajaa hofu mpaka pumzi inamkatika, na kila mama anajua inafananaje.

Hilo la maneno si dogo. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Peter Ventevogel na wenzake waliowauliza watu wa Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanaita vipi magonjwa ya akili na ya moyo. Hapa Burundi walikuta ihahamuka, na walikuta pia akabonge, ambayo ni huzuni nzito. Sasa fikiria karatasi ya maswali imeandikwa Kiingereza, ikageuzwa Kifaransa, halafu kijana wa kambini anaitafsiri palepale mlangoni kwako. Akichanganya hofu na huzuni, jibu lako limeharibika kabla halijafika barabarani. Mkalimani wetu ana uzito kwenye utafiti kuliko anavyodhani, na kuliko anavyolipwa.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mkimbizi angefaa kuujua. Ulifanyika Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako wengi wetu tuna ndugu. Watafiti akina Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert, waliotoka Ujerumani, pamoja na Lamaro Onyut wa Uganda, walikwenda na swali gumu: mkimbizi asiye daktari, akifundishwa kwa muda mfupi, anaweza kumtibu mkimbizi mwenzake? Walichukua Wanyarwanda na Wasomali 277 waliokuwa na ugonjwa huo. Kundi la kwanza walisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, msaidizi akisikiliza na kuandika. Kundi la pili walipewa ushauri wa namna nyingine, usiofuata hatua kali kama ule. La tatu walifuatiliwa tu, bila matibabu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipopimwa tena baadaye, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, 70 hawakukutwa tena na ugonjwa. La pili walikuwa 65, la tatu 37. Katika kundi la kwanza walioacha njiani walikuwa 4 tu kwa 100, na katika la pili 21. Kumbe wasaidizi wa kambini waliiweza kazi! Mtu atauliza: ni haki kumwacha mgonjwa afuatiliwe tu? Sisi pia tumejiuliza, na ni vizuri kuuliza hivyo. Hilo ni kati ya maswali ya kwanza ambayo kamati ya maadili ya utafiti hutakiwa kumuuliza mtafiti kabla hajaanza.

Basi turudi hapa kwetu Muyinga. Barabara ya Kobero wote mnaijua, ng'ambo ni Kabanga ya Ngara. Tangu mwaka 2002 Warundi waliokuwa kambi za Ngara walianza kurudishwa kwa misafara kupitia mpaka huo. Kuandika majina na kuhesabu vichwa ni kazi inayoisha jioni. Kujua ni nani hatalala usiku huo ni kazi nyingine, na waliokuwa wakiigundua mara nyingi ni walimu, wauguzi na wasaidizi wa jamii. Chukua mtoto aliyezaliwa kambi ya Lukole, akavushwa Kobero, akapelekwa kwenye kilima alichokuwa anakisikia kwa babu yake tu. Anaishije na hofu yake pale? Hilo ni swali la utafiti kabisa, na hakuna profesa anayemjua mtoto huyo kumshinda mwalimu wake.

Tena msidhani utafiti unapokelewa ukileta habari njema tu. Mwaka 2014 Wietse Tol na wenzake, wakiwemo Warundi, walitoa matokeo ya kazi ya mashuleni hapa Burundi, watoto 329. Walisema wazi kwamba kwa ujumla mpango wao haukuleta tofauti. Walipochungulia zaidi, waliona kwamba watoto waliohudumiwa na wanaoishi na baba na mama wote wawili walipata nafuu. Lakini waliona pia kwamba katika familia zenye ardhi ya asili au iliyonunuliwa karibuni, watoto wasiohudumiwa ndio waliosonga mbele, na waliohudumiwa wakarudi nyuma. Jambo la kushangaza, na wao hawakulificha. Sisi tunamwamini zaidi mtu wa namna hiyo kuliko anayesema kila mradi ulifaulu.

Sasa, kupeleka utafiti kwenye mkutano kunafanyikaje? Miezi mingi kabla, waandaaji hutangaza mada na tarehe ya mwisho. Hawataki kitabu. Wanataka muhtasari mfupi, mara nyingi maneno 200 hadi 300 tu: tatizo ni nini, uliuliza watu gani na wangapi, uliwauliza kwa njia gani, ulipata nini, na maana yake. Ukizidisha maneno, mashine inakataa. Wakaguzi wawili au watatu husoma, mara nyingi bila kuona jina la mwandishi. Hapo mkimbizi ana nafasi, maana karatasi haisemi kama umeandika ukiwa chuoni au kwenye hema. Kinachowaangusha wengi ni kuandika "matokeo yatatolewa baadaye". Mkaguzi hawezi kupima kitu ambacho hakipo. Afadhali watu 20 uliowauliza vizuri na ukamaliza kuliko 200 unaowaota.

Ukikubaliwa, utaambiwa uzungumze mbele ya watu kwa dakika chache, au uweke bango ukutani na kusimama karibu nalo kujibu maswali. Msidharau bango. Ukiwa na bango, mtu anayejali kazi yako anakuja mwenyewe.

Hapa tunaomba wasaidizi wetu wasikilize vizuri. Daftari la ushauri si mali ya utafiti. Mama alikueleza siri yake ili asaidiwe, hakukueleza ili uisome mkutanoni. Ruhusa huombwa kabla ya kuanza, kwa mtu mwenyewe na kwa kamati ya maadili. Kwa hiyo tafuta mwalimu wa chuo kikuu mshirikiane, na mkubaliane mapema jina lako litaandikwa kati ya watunzi. Msikubali kuwa wa "tunawashukuru pia" wakati ninyi ndio mliotembea juani.

Na kufuta jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mama mwenye mapacha, aliyetoka Uvira, mume wake alikuwa fundi seremala", hapa kambini kila mtu ameshamjua. Badilisha au toa alama hizo. Hata picha ya mgongo inamtambulisha mtu kwa kitenge chake.

Kwa ninyi familia mnaohojiwa, mnayo haki ya kuuliza. Utafiti huu ni wa nani? Kamati gani iliukubali? Majibu yangu yatakaa wapi? Kukataa kunaruhusiwa, na kunyamaza katikati ya mahojiano kunaruhusiwa pia. Posho ya chakula haiguswi kwa sababu umekataa. Anayesema itaguswa anakutisha, mripoti. Mtoto akihojiwa, mzazi aulizwe na mtoto mwenyewe aulizwe. Na kuna swali moja ambalo watu husahau: baada ya mahojiano, nikishindwa kulala, nimwone nani? Mtafiti asipokuwa na jibu la hilo, mwambie arudi akiwa nalo. Mwishoni muulize atarudi lini kutuambia alichokipata, na kwa lugha gani.

Imebaki safari. Mkimbizi hasafiri kwa pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 28, unazitaka nchi zinazowapokea wakimbizi kuwapa wale wanaokaa kihalali hati ya kusafiria. Kuipata huchukua muda, na viza ni foleni nyingine, kwa hiyo msingoje barua ya kukubaliwa ndipo mwanze kuuliza. Ada ya kuingia mkutanoni nayo ipo, ingawa mikutano mingine huipunguza kwa watu wa nchi maskini. Mingine inakubali mwenzako asimame badala yako, au uzungumze kupitia kompyuta ukiwa huku huku. Waandikieni waandaaji waulizeni hilo mapema, kabla hamjakopa nauli.