Kwa baiskeli hadi mahame ya Gede

Anayepanga kwenda Gede kwa baiskeli na aanze kwa kuuliza upepo. Kutoka Malindi hadi kwenye mahame hayo ni kama kilomita 16 kuelekea kusini-magharibi, na njia haina mlima wa kutisha. Wakati wa kusi utaukata upepo asubuhi ukiwa bado na nguvu, nao utakusukuma ukirudi. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: utafika bila kujua umefikaje, kisha alasiri, miguu imechoka na jua la Januari linachoma, upepo unakukabili kifuani. Kwa anayeanza, Julai au Agosti ndiyo miezi yake. Masika yamepita na joto limepungua.

Baiskeli yoyote nzima inatosha, hata ile nyeusi ya chuma inayobeba mitungi ya maji vijijini. Mpelekee fundi siku moja kabla akaze breki, atie cheni mafuta na akague tairi. Beba pampu, solusheni na viraka, maana miiba ya kando ya njia haina huruma. Kunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha ondoka saa kumi na mbili, kabla matatu na malori hayajaijaza barabara kuu ya Mombasa. Magari huko hukimbia sana. Vaa nguo ya rangi kali, na lori likikukaribia shuka kabisa lipite. Mwenye watoto aanzie Watamu, ambako mwendo ni mfupi zaidi. Maji yasipungue lita mbili kwa kila mtu.

Kwa gari safari hii huisha kabla hujamaliza mazungumzo. Kwa baiskeli utaupima umbali kwa pumzi zako, na umbali huo ndio kitendawili cha Gede. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na baadaye Wareno wakawa na makao hapo hadi walipohamia Mombasa mwaka 1593. Karibu miaka hiyo yote Gede ulikuwa mji wa watu, wenye misikiti, kasri na nyumba za mawe zenye vyoo vya ndani. Hata hivyo, hakuna andiko la Wareno linalojulikana kuutaja waziwazi. Mwendo wa saa moja na kitu tu kwa baiskeli!

Mji wenyewe haukuwa wa kujificha. Wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, walikuta humo vyombo vya kauri kutoka China na shanga za kigeni, na nyumba kadhaa zikapewa majina ya vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ila ukiwa na muda mchache, simama kwenye kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu. Kilichimbwa, kisha kikaongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yakizidi kushuka. Wengine huona mji ulihamwa kwa sababu ya mashambulizi ya Wazimba mwaka 1589, kisha ya Waoromo katika karne ya 17. Mimi naegemea upande wa maji. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikashambuliwa tena 1528 na 1589, na kila mara watu walirudi kujenga. Gede hawakurudi. Aliyefika hapo koo limekauka, chupa moja tayari tupu, hahitaji kuelezwa sana.

Tenga saa mbili au tatu za kutembea. Usipande kuta, ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zimekwisha kuchoka. Chakula kiache ndani ya mkoba uliofungwa, kwa sababu kima wa Gede hawaombi. Kisha ingia Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 hapo hapo kwenye eneo la mahame. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi hadi wawe pupa, na mradi huwauzia pupa hao nje ya nchi. Waulize kazi inavyofanyika, na ununue asali yao ukiikuta.