Kamera 16, Skrini Moja: Hesabu ya Nukta Zinazotupwa

Skrini ya kawaida ya kompyuta ina nukta 2,073,600: 1,920 kwa upana, 1,080 kwa kimo. Kamera ya ulinzi ya megapikseli 2 hutuma picha yenye nukta hizohizo 2,073,600. Funga kamera 16, zifungue zote kwa pamoja kwenye skrini hiyo, na kompyuta italetewa nukta 33,177,600 kwa kila fremu ili ionyeshe 2,073,600. Zinazobaki, yaani 31,104,000, hukunjuliwa, hupakwa rangi, kisha hutupwa. Hiyo ni asilimia 93.75 ya kazi yote.

Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa programu za kamera huanzia hapo. Picha inakwama, visanduku vinakuwa vyeusi, kipanya kinakuwa kizito, kioo kinazima ghafla na kuwaka tena. Mwenye duka huambiwa anunue kadi ya grafiki. Kabla hajafungua pochi, inafaa apige hesabu, kwa kuwa mara nyingi kinachotakiwa ni kuacha kuibebesha kompyuta nukta ambazo jicho halizioni.

Mzigo unazaliwa wapi

Tuchukue duka la jumla lenye kamera 16, kila moja ikitoa fremu 25 kwa sekunde. Jumla ni fremu 400, au nukta 829,440,000, kwa kila sekunde.

Zikiwa njiani, video hizo hazionekani nzito, kwa sababu zimebanwa. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde, ukiizidisha mara 16, inakupa megabiti 64. Swichi ya megabiti 100 inazipitisha. Ukirekodi kwenye kompyuta hiyohiyo, diski itaandika megabaiti 8 kwa sekunde, kazi ambayo hata diski ya kizamani inaimudu. Ndiyo maana fundi anayekagua nyaya na diski peke yake huondoka akisema kila kitu kiko sawa.

Uzito unakuja pale kompyuta inapoikunjua video. Fremu iliyokunjuliwa huchukua baiti 1.5 kwa kila nukta, sawa na megabaiti 3.1. Fremu 400 zinafika gigabaiti 1.24 kwa sekunde. Megabaiti 8 zilizoingia zimevimba zaidi ya mara 155. Kisha rangi zinageuzwa ziendane na kioo, na kila nukta sasa inachukua baiti 4: gigabaiti 3.32 kwa sekunde. Programu inayogeuza rangi za picha nzima kabla ya kuipunguza ukubwa itaandika na kusoma namba zote mbili, na jumla yake ni gigabaiti 9.12 kwa sekunde.

Linganisha na uwezo wa mashine. Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki ya pekee hutumia RAM ileile ya prosesa kuchora picha. Kijiti kimoja cha DDR3 cha kasi ya 1,600 kinaweza kupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, na hapo ndipo mwisho wake. Kamera peke yake zimeshachukua asilimia 71. Kinachobaki kinagombaniwa na Windows, kivinjari na programu ya mauzo. Kama kompyuta yako inachangamka mara tu unapofunga visanduku 12 kati ya 16, umeshapata jibu, na jibu hilo halihusiani na virusi.

Kuna dalili nyingine ya mzigo huohuo. Programu hutenga nafasi kwenye memori kwa ajili ya fremu zinazosubiri. Ikitenga nafasi za fremu 20 kwa kila kamera, hizo ni megabaiti 62 kwa kamera moja, karibu gigabaiti 1 kwa kamera 16. Grafiki ikiishiwa nafasi, kamera za mwanzo zitaonekana vizuri na za mwisho zitabaki nyeusi. Jaribio lake ni rahisi: badilisha mpangilio wa kamera. Weusi ukibaki palepale kwenye visanduku vya mwisho, kamera hazina kosa. Weusi ukihama pamoja na kamera, kagua kamera yenyewe, waya wake au nywila yake.

Dawa isiyogharimu hata shilingi

Ukigawa skrini hiyo katika visanduku 16, kila kimoja kinapata upana wa nukta 480 na kimo cha 270, jumla 129,600. Kamera nyingi za mtandao hutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja: mkuu, kwa ajili ya kurekodi, na mdogo, kwa ajili ya kuangalia. Kwenye menyu utauona mdogo ukiitwa "Sub Stream". Ukubwa wake wa kawaida ni 640 kwa 360, yaani nukta 230,400. Hizo bado ni nyingi kuliko nafasi ya kisanduku, kwa hiyo jicho halipotezi chochote.

Weka mkondo mdogo kwenye fremu 15 kwa sekunde. Kamera 16 sasa zinatoa nukta 55,296,000 kwa sekunde badala ya 829,440,000. Mzigo umegawanywa kwa 15 kamili. Mtandao nao unapumua: kwa kilobiti 512 kwa kamera, video ya kuangalia ni megabiti 8.2 badala ya 64.

Wasiwasi wa kwanza wa mteja huwa ni ushahidi: mwizi akija, sura yake itaonekana? Itaonekana, kwa sababu mashine ya kurekodia inaendelea kupokea mkondo mkuu kama zamani. Kilichobadilika ni kile kinachochorwa kwenye kioo tu. Tena programu nyingi zinaweza kuwekwa ili ukibofya mara mbili kisanduku kimoja, kamera hiyo pekee ihamie mkondo mkuu. Hata hapo, kamera moja kubwa na ndogo 15 zinazoendelea nyuma yake zinafikisha nukta 103,680,000 kwa sekunde, sehemu moja ya nane ya mzigo wa awali.

Mwendo wa picha pia unatulia. Skrini nyingi hujichora mara 60 kwa sekunde. Fremu 25 haziingii sawasawa kwenye 60. Kila moja inapaswa kukaa michoro 2.4, jambo lisilowezekana, kwa hiyo nyingine zinakaa 2 na nyingine 3, na mtu anayetembea anaonekana akiruka-ruka. Fremu 15 zinakaa michoro 4 kila moja, bila baki.

Dawa hii ina mipaka. Ukitumia visanduku 4 badala ya 16, kila kisanduku kina nukta 518,400, zaidi ya mara mbili ya mkondo mdogo, na picha itaonekana yenye ukungu. Hapo tumia mkondo mkuu bila hofu: kamera 4 ni nukta 207,360,000 kwa sekunde, robo ya ule mzigo wa mwanzo.

Mtego wa H.265

Kiwango cha kubana video cha H.264 kilitoka mwaka 2003 na cha H.265 mwaka 2013. Sifa ya H.265 ni kubana zaidi: kwa ubora uleule, inaweza kupunguza ukubwa wa video kufikia karibu nusu. Kwa kamera zetu 16, rekodi za siku 30 ni terabaiti 20.7 kwa H.264; zikishuka hadi nusu, ni terabaiti 10.4. Mwenye duka anafurahi, anaibadili mipangilio, na kesho yake kioo kinaanza kukwama.

Diski imepata nafuu, lakini nukta hazikupungua hata moja. Bado ni 829,440,000 kwa sekunde, na sasa kila moja inakunjuliwa kwa kanuni ngumu zaidi. Kwenye prosesa za Intel, kitengo cha kukunjua H.265 kikamilifu kilikuja na kizazi cha 6, mwaka 2015. Kompyuta za mezani zilizotumika, zile zinazopangwa kwenye maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, si ajabu kuzikuta za kizazi cha 3 au cha 4. Hizo hazina kitengo hicho. Kazi yote inaangukia prosesa, inapanda hadi asilimia 100, na feni inaanza kupiga kelele.

Suluhisho ni kuchanganya. Mkondo mkuu uache kwenye H.265 ili diski iendelee kufaidi. Mkondo mdogo uweke kwenye H.264, ambayo hata prosesa hizo za zamani zina kitengo chake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu uhakikishe imeruhusiwa kutumia grafiki kukunjua video. Ikiwa ukiruhusu ndipo visanduku vinageuka vyeusi au vya kijani, sasisha draiva ya grafiki kwanza. Ikishindikana, zima ruhusa hiyo na uachie prosesa, ambayo kwa mkondo mdogo itamudu.

Sekunde 2 za aina mbili

Saa inaweza kukusaidia kujua ugonjwa uko wapi. Tangu Windows Vista, Windows huisubiri grafiki ijibu kwa sekunde 2. Isipojibu, mfumo unaiwasha upya draiva yake: kioo kinakuwa cheusi, kinarudi, na kumbukumbu ya matukio ya Windows inaandika namba 4101. Hilo likitokea zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, unapata skrini ya hitilafu ya Windows. Kuna wanaoingia kwenye rejista na kurefusha muda wa kusubiri. Hiyo inaficha dalili na kuuacha mzigo palepale. Punguza nukta, sasisha draiva, safisha vumbi kwenye feni, kisha uone.

Sekunde 2 za pili ni za mtandao. Kamera haitumi picha kamili kila mara. Hutuma fremu kamili moja, halafu mabadiliko tu. Ikiwa fremu kamili imewekwa kila baada ya fremu 50, kwa mwendo wa fremu 25 inakuja kila sekunde 2. Kipande cha data kikipotea njiani, picha inachafuka: mtu anaburuta kivuli, sehemu ya chini inageuka kijivu, kisha ghafla yote inasafika fremu kamili inayofuata inapofika. Ukiona uchafu unaofutika kwa mpigo kama huo, iache grafiki. Badilisha itifaki kutoka UDP kwenda TCP, halafu kagua vichwa vya nyaya na swichi.

Yasiyo ya mzigo

Maandishi ya programu yakiwa na ukungu au vitufe vikikatika pembeni, tatizo ni ukuzaji wa Windows. Ukuzaji ukiwa asilimia 125, programu ya zamani inachorwa kwa nukta 1,536 kwa 864, yaani 1,327,104, kisha inanyooshwa ijaze kioo. Asilimia 36 ya nukta unazoziona ni za kubuni. Bofya kulia ikoni ya programu, ingia kwenye sifa zake, kisha sehemu ya utangamano, na uiruhusu programu yenyewe isimamie ukuzaji.

Dirisha lililopotea baada ya kuondoa skrini ya pili limefunguka upande ambao hauna kioo tena. Libofye kwenye upau wa chini, kisha bonyeza Windows, Shift na mshale wa kushoto.

Na ukiangalia kamera kupitia kivinjari ukaona kisanduku cheusi mahali pa video, huenda mashine ya kurekodia ni ya zamani na inadai kiongezi ambacho vivinjari vimeshaacha kukipokea. Chrome iliondoa viongezi vya aina ya NPAPI mwaka 2015, na Internet Explorer 11 ilistaafishwa Juni 15, 2022. Edge bado ina hali ya kuiga Internet Explorer, na hapo video inaweza kurudi.

Bili ya umeme

Kompyuta ya kamera hailali, na kila wati ina bei. Tuseme kipimo cha umeme kinasoma wati 110 kamera zote zikiwa kwenye mkondo mkuu, na wati 60 zikiwa kwenye mdogo. Tofauti ya wati 50 kwa saa 720 za mwezi ni uniti 36. Kwa kukadiria shilingi 356 za Tanzania kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni shilingi 12,816 kwa mwezi, au 153,792 kwa mwaka. Wati hizo ni za mfano, kwa hiyo pima zako; kila wati 10 utakazookoa ni shilingi 2,563 kwa mwezi. Umeme ukikatika, UPS nayo itadumu zaidi.

Lini ununue

Kama mkondo mdogo umewekwa na bado kompyuta inasuasua, matumizi ya kwanza yenye maana ni kijiti cha pili cha RAM kinachofanana na cha kwanza. Vikikaa kwenye nafasi zinazostahili, njia inapanuka kutoka gigabaiti 12.8 hadi 25.6 kwa sekunde.

Kadi ya grafiki ina zamu yake halali. Chumba cha ulinzi chenye skrini 4 za 4K kina nukta 8,294,400 mara 4, jumla 33,177,600. Hiyo ni sawasawa na kamera zetu 16 zikiwa kwenye mkondo mkuu. Kila skrini inabeba kamera 4, kila kamera inapata nukta zake zote, na hakuna kinachotupwa. Hapo mzigo una faida kwa mlinzi anayeangalia, na kadi inastahili fedha yake. Vivyo hivyo kwa anayepanga kuhamia kamera za 4K: kamera 8 tu za aina hiyo zina nukta 66,355,200 kwa fremu, mara mbili ya zile 16.

Kwa hiyo fundi akikuambia kadi inahitajika, mwombe namba mbili kabla ya bei: nukta zinazoingia kutoka kwenye kamera zote, na nukta ambazo skrini zako zinaweza kuonyesha. Ya kwanza ikiwa imeizidi ya pili mara 16, mwambie aanze na menyu ya mipangilio.