Msimnyang'anye Mtoto Kiswahili

Swali la wazazi Waswahili walioko Saudi Arabia ni lile lile, liwe limetoka mtaa wa Al-Nuzha wa Jeddah au Al-Nuzha wa Riyadh: "Mwalimu, mtoto ana miaka mitano, shuleni anasoma Kiarabu na Kiingereza, na herufi anazigeuza. Tuache Kiswahili nyumbani asije akachanganyikiwa?"

Hapana. Tafadhali, hapana.

Kugeuza herufi hakuletwi na Kiswahili. Watoto wa umri huo hugeuza b na d hata wanapojua maandishi ya aina moja tu, na wengi huacha wenyewe wakikaribia miaka 7. Na lau kusoma kutoka kulia na kutoka kushoto kungemvuruga mtoto, Lamu, Mombasa na Unguja zingejaa wasiojua kusoma. Vizazi kwa vizazi watoto wa huko wamekwenda shule na chuo cha Kurani siku hiyo hiyo, wakasoma kote kuwili. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Utendi wa Tambuka, shairi refu lililoandikwa kwa herufi hizo za Kiarabu, ni wa mwaka 1728.

Mtoto hajifunzi kusoma mara tatu. Akishatambua kwamba neno hukatika kuwa sauti, na sauti zina alama zake, ujuzi huo anahama nao. Msikilize anavyosoma "baba": b, a, ba. Akikutana na herufi ya Kiarabu yenye sauti hiyo, imewekewa fataha, yaani alama ya sauti a, kazi ni ile ile. Kigeni ni umbo. Na katika lugha hizo tatu, iliyo nyepesi kuanzia ni Kiswahili, chenye irabu 5 zisizobadilika. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo mwanzo, kati na mwisho wa neno, na Kiarabu cha vitabuni si kile cha watoto wenzake mtaani. Tahajia ya Kiingereza inawasumbua hata Waingereza. Halafu mzazi anaondoa ile nyepesi, anabaki kumsemesha mwanawe Kiingereza cha kuokoteza! Hadithi zinakoma, maneno yanapungua, na mtoto asiye na maneno hutamka ukurasa mzima asielewe kitu.

Fanyeni haya: hadithi ya Kiswahili kila usiku, michezo ya sauti ("neno gani linaanza kama mama?"), silabi kabla ya majina ya herufi, nukta mahali pa kuanzia kuandika, kulia kwa Kiarabu, kushoto kwa Kiswahili, dakika 10 zatosha. Akitimiza miaka 7 na bado hashiki silabi katika lugha yoyote, apimwe macho na masikio, kisha mzungumze na mwalimu wake. Msingoje akue.